Sauti ni Amana: Sanaa ya Leo na Vinanda vya Jana

Katika nyumba nyingi za kwetu pwani palikuwa na pembe moja ya ukumbi ambayo sisi watoto tulikatazwa kuisogelea. Hapo ndipo kilipokaa kinanda cha santuri, nacho kimefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Kinanda kilipokufa ikaja redio ya mbao, na redio ilipozeeka ikaja redio kaseti, na kitambaa kikabaki kile kile. Siku hizi pembe ile haina kitu. Sauti zote zimehamia katika simu, na simu imo mfukoni, na kila mmoja ameziba masikio yake kwa visikizio vyake. Nyumba yenye watu saba yaweza kuwa na nyimbo saba kwa wakati mmoja, wala hapana ajuaye mwenziwe asikiliza nini.

Jambo hili si dogo. Chombo cha kunasia na kurudishia sauti si kama sufuria, kwamba ukibadilisha sufuria wali utabaki kuwa wali. Chombo hiki chabadilisha tunamsikia nani, tunamsikia pamoja na nani, nani alipwe na nani asahauliwe. Wasanii wa zama hizi wameliona hilo, na kazi nyingi wamezifanya juu yake, za picha, za sanamu na za filamu. Nataka tuzitazame baadhi ya kazi hizo, kwani safari yangu ya Iringa na Mbeya ilinifanya nizipime upya.

Najua wapo watakaouliza: gazeti kama hili lina khabari gani na nyimbo za dansi? Nawajibu kwamba hapa sikuja kuhalalisha ngoma wala kuiharamisha. Wenye elimu hiyo wapo na vitabu vyao vipo. Naja na jambo ambalo mpenda nyimbo na asiyezipenda hawahitilafiani juu yake, nalo ni haki ya mtu katika kazi ya pumzi yake, na amana ya sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Kama hayo si mambo ya dini na ya utu, basi sijui ni yapi.

REDIO ZISIZOSEMA

Asubuhi moja ya baridi niliingia hoteli ndogo mjini Iringa kunywa chai. Ukutani palikuwa na rafu, na juu ya rafu redio kuukuu tano zimepangwa, zimefutwa vumbi, zang'aa. Moyo wangu ukafurahi. Nikamwuliza kijana mhudumu kama zafanya kazi. Akacheka.

"Hizo ni urembo tu, mzee."

Muziki uliokuwa ukisikika hapo ulitoka katika simu yake iliyounganishwa na sabufa chini ya meza. Nao ulikuwa wimbo wa dansi wa zamani, magitaa matatu yakifukuzana na tarumbeta zikiitikia. Nikamwuliza ni bendi gani hiyo. Akasema, "Ni zilipendwa tu." Hapo mzee aliyekaa meza ya pili akainua uso kutoka katika kikombe chake, akasema, "Hao ni Tancut, bwana. Walikuwa wakipiga hapa hapa Iringa."

Tafakari, ndugu yangu. Wimbo umezaliwa katika mji ule, wachezwa katika mji ule, na anayeucheza hajui kama ni wa kwao. Rafu ina vyombo visivyosema, na chombo kinachosema hakina jina la msemaji. Santuri ilikuwa na karatasi ya duara katikati yake, imeandikwa mwimbaji, bendi na kampuni. Kaseti ilikuwa na jalada, hata lile la kughushi. Faili iliyopita simu kumi hubaki na namba tu, au na jina la yule aliyeirusha.

Na hata neno lenyewe, zilipendwa, ni neno la kufikirisha. Lataja mapenzi ya msikilizaji, halitaji jasho la mwimbaji. Zilipendwa, naam, lakini ziliimbwa na nani?

Tancut Almasi ilikuwa bendi ya kampuni ya umma iliyokuwa ikikata almasi mjini Iringa. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa miaka ile: shirika lina kiwanda, kiwanda kina bendi, wanamuziki ni waajiriwa na magitaa ni mali ya shirika. Katika miaka ya 1980 waliimba humo mapacha waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na mmoja wa wapiga gitaa wake alikuwa John Kitime, ambaye tutarudi kwake. Kampuni ilipodhoofika, bendi nayo ikaisha. Zikabaki sauti, na sauti zilikuwa Dar es Salaam, ndani ya mikanda.

SANTURI UKUTANI

Kabla hatujafika kwenye mikanda hiyo, tutazame kidogo wanayoyafanya wenzetu wa mbali.

Mwaka 2010 jumba la sanaa la Nasher, katika Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani, lilifanya maonyesho makubwa juu ya santuri na sanaa ya zama hizi. Miongoni mwa waliojulikana kwa kazi za namna hiyo ni Christian Marclay. Mwaka 1985 alitoa santuri iliyouzwa bila ya jalada, kwa kusudi. Vumbi likiingia, kucha ikiparuza, meza ikikwaruza, yote hayo huwa sehemu ya muziki, na hapana nakala mbili zinazolia sawasawa. Msanii mwingine, Satch Hoyt, alichukua santuri ndogo nyekundu akaziunga pamoja zikawa mtumbwi. Kwa watu ambao mababu zao walivushwa bahari kwa minyororo, chombo cha muziki kuwa chombo cha safari ni maneno mazito yaliyosemwa bila ya ulimi.

Na hapa Afrika, Malick Sidibé wa Mali aliwapiga picha vijana wa Bamako katika miaka ya 1960 na 1970, nao wakija mbele ya kamera wamekumbatia santuri zao kifuani. Hapo twaona kwamba santuri haikuwa ya kusikiliza tu. Ilikuwa vazi, ilikuwa cheo, ilikuwa njia ya kijana kusema: mimi ni mtu wa leo.

Hukumu yangu ni hii. Kazi ya Marclay ina hekima, kwani yatukumbusha kwamba kila kusikiliza kwaacha alama, na kwamba kitu kisichotunzwa chaeleza jinsi kilivyotendwa. Lakini ina hatari yake pia. Mtu aliyeshiba santuri aweza kuchezea mikwaruzo. Sisi ambao nakala ni moja, na mkanda ni mmoja, na hiyo moja yaoza, mkwaruzo kwetu ni msiba. Mtumbwi wa Hoyt wanigusa zaidi, kwa sababu nyuma ya plastiki yake nawaona watu. Na hicho ndicho kipimo nitakachokitumia hadi mwisho wa makala hii: kazi ya sanaa juu ya vyombo vya sauti ni njema kwa kadiri inavyoturudisha kwa mtu aliyetoa sauti, na ni dhaifu kwa kadiri inavyotuacha tukishangilia sanduku. Rafu ya Iringa haijapasi kipimo hiki.

Tena tusidhani kwamba suala hili ni geni kwetu Waislamu. Fonografu ya Edison ilitoka mwaka 1877, na haikuchukua miaka mingi kabla ya maulamaa kuanza kuijadili, tangu Misri mpaka visiwa vya Indonesia. Je, Qur'ani isomwayo na sanduku ni kisomo? Je, msikilizaji yampasa anyamaze kama anyamazavyo mbele ya msomaji aliye hai? Sheikh Muhammad Bakhit wa Misri aliandika risala juu ya mambo hayo. Na mwaka 1961 Misri ilipotoa msahafu mzima katika santuri kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ulimwengu ulipata neema kubwa, nayo neema ikaja na mtihani wake. Kwani msomaji aliye hai huwezi kumzima katikati ya aya ili ujibu simu. Sanduku waweza. Maulamaa wale walikuwa wakiuliza, kwa lugha yao, swali lile lile waulizalo wasanii wa leo: sauti ikitengwa na mwenyewe, adabu yetu kwake yabaki wapi?

MKANDA NA MTU

Sasa turudi nyumbani. Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa miaka mingi baada ya uhuru, ndiyo iliyokuwa studio ya nchi. Bendi za mikoani, za Iringa na Mbeya kama za Tabora na Tanga, zilifunga safari hadi Barabara ya Pugu kurekodi. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi nzima ikapiga kwa pamoja, na aliyekosea akawarudisha wote mwanzo. Tanzania ya zama hizo haikuwa na kiwanda cha santuri. Zilizotoka zilichapwa Kenya. Kwa hiyo nyimbo nyingi hazikuwa santuri kamwe. Zilikuwa mkanda mmoja katika maktaba ya redio, na mkanda huo ukichezwa, nchi nzima ikasikia.

Na mkanda ni nini? Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Joto na unyevu vikiingia, gundi hulainika, mkanda hunata, unga hubanduka. Sauti yabanduka nao. Kwa sababu hiyo ulianzishwa mradi wa Tanzania Heritage Project, ambao mwaka 2012 ulichangisha fedha kwa umma ili hazina ile ihamishiwe katika kompyuta. Mmoja wa waanzilishi wake, Rebecca Corey, baadaye akashirikiana na Amil Shivji kuongoza filamu ya Wahenga, iliyotoka mwaka 2018.

Filamu hii ndiyo ninayotaka kuisifu leo. Yamfuata John Kitime, yule yule wa Tancut Almasi ya Iringa, akihangaika kuzirudisha nyimbo za zamani jukwaani. Ingalikuwa rahisi kutengeneza filamu ya mikanda: kamera ipite polepole juu ya makasha yenye vumbi, muziki wa huzuni ulie, mtazamaji atokwe na machozi, kisha aende zake. Wahenga imemchagua mtu kuwa uti wa mgongo wake. Kwa kumchagua Kitime yatuambia kwamba kuokoa mkanda si mwisho wa kazi. Wimbo uliookolewa ndani ya kompyuta na usiopigwa na mtu ni kama maiti iliyokafiniwa vizuri. Wimbo wataka vidole, wataka koo, wataka mzee amkosoe kijana na kijana amchokoze mzee.

Ninalo neno moja la kuongeza, si la kulaumu. Filamu moja haiwezi kubeba kila kitu. Bado twahitaji kazi zitakazokaa katika mikoa yenyewe: ziulize katika mitaa ya Iringa ni nani aliyefua sare za bendi, ni nani aliyeandika maneno, mjane wa nani yu hai na amepata nini.

FUVU NA SAUTI

Nje kidogo ya mji wa Iringa ipo Kalenga, ambako limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaamuru kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954 tu, kikiletwa na Gavana Edward Twining.

Mwaka huo huo wa 1954, Mwingereza Hugh Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Miaka minne kabla, mwaka 1950, alikuwa amepita Tanganyika na mitambo yake akanasa sauti za makabila mengi, Wahehe miongoni mwao, na ala yao ya ligombo, ambayo ni ubao uliochimbwa na kupitishwa nyuzi, ukakuzwa sauti kwa kibuyu. Kwa hivyo katika mwaka mmoja kichwa cha Mhehe kilirudi nyumbani, na sauti za Wahehe zikapata makao ugenini. Maktaba ile ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mwaka 1978, na humo zimo santuri za Tracey zaidi ya 200 kutoka sehemu nyingi za Afrika. Baadhi ya zile za Tanganyika zimetolewa upya huko Uholanzi.

Simfananishi Tracey na waliokata kichwa. Hasha. Watu wale waliimba kwa hiari yao, na lau si yeye, pengine tusingekuwa na cha kusikia. Aliyehifadhi hatukanwi. Lakini amana ina pande mbili: kuhifadhi na kurudisha. Nilipokuwa Kalenga nilifikiri juu ya kazi ya sanaa ninayoitamani, nayo haihitaji jumba wala taa. Ni mkeka mmoja uwanjani, spika moja, zile sauti za mwaka 1950, na wazee wa mahali wameketi kuzunguka. Wasikilize. Wataje majina. Waseme huyu ni fulani bin fulani, na hapa amekosea, na huu huimbwa hivi. Kisha waitikie. Hapo mashine itakuwa imerudi kuwa mtumishi.

KIBANDA CHA MWANJELWA

Mbeya ni mji wa njia. Reli ya TAZARA na barabara ya Zambia hupita hapo, na kaseti nazo zilipita, za kutoka Dar es Salaam na za kutoka ng'ambo ya Tunduma. Ni mji pia aliotoka Joseph Mbilinyi, maarufu Sugu, mmoja wa watangulizi wa muziki wa kufokafoka kwa Kiswahili katika zama za kaseti, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Wasanii wa rika lake waliuza kanda zao kwa wasambazaji, mara nyingi kwa malipo ya mkupuo mmoja, na ni msambazaji aliyejua zimeuzwa ngapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na chama cha hakimiliki, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001.

Katika soko la Mwanjelwa nilisimama mbele ya kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo katika flashi na kadi za simu. Mteja huchagua: dini, dansi, taarabu, kaswida. Zote kwa bei moja, kwa mamia, kwa dakika chache. Nikamwuliza, waimbaji wanapata nini? Akanitazama kwa upole, akasema, "Baba, hata mimi napata kidogo."

Jibu lake sikulidharau. Ni mtu wa kula kwa jasho lake. Lakini katika mlolongo ule, mwenye umeme amelipwa, mwenye kompyuta amelipwa, mwenye kibanda amelipwa. Aliyeimba peke yake ndiye hakualikwa. Nikaona kaswida za vijana wa madrasa zetu zimo humo humo, nazo zimeibiwa sawasawa na dansi. Sisi tusemao dansi ni upuuzi, je, kaswida tuliyoiingiza katika simu zetu tumeilipia?

KASETI YA MJOMBA

Ndugu msomaji, nisikufanye udhani kwamba nawahukumu wengine nami nikiwa msafi.

Katika miaka ya kaseti, ndugu zetu waliohamia Maskati na Dubai hawakuandika barua sana. Walijaza kaseti. Mjomba wangu alikuwa akikaa usiku akizungumza na kaseti dakika 60 nzima: salamu kwa majina, khabari za kazi, mara akohoe, mara acheke peke yake, na mwisho asome dua. Kaseti ikipokewa na msafiri, nyumba nzima ilikusanyika. Mama alikuwa akivunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kisha akaiweka kabatini pamoja na hirizi za watoto na hati za nyumba.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Palikuwa na mpira redioni na sikuwa na kaseti tupu. Nikaichukua ile ya mjomba, nikaziba matundu kwa vipande vya karatasi, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mjomba alikufa huko huko Maskati baada ya miezi minane. Mama alipotaka kumsikia, alisikia mtangazaji akipiga kelele za bao. Hakunipiga. Aliisikiliza mpaka mwisho, akitumaini pengine nimebakisha kidogo. Nilikuwa nimebakisha dua, maneno machache tu, kwani mpira ulikwisha kabla ya kanda.

Tangu siku hiyo siwezi kuitazama redio kuukuu kama urembo. Najua chombo kile kina kitufe cha kusikia na kitufe cha kufuta, na vyote viwili vyabonyezwa kwa kidole kimoja cha mtoto asiyejua.

Kwa hiyo nazipima kazi za sanaa za namna hii kwa jicho la mama yangu siku ile. Msanii anionyeshaye santuri nzuri ukutani, namshukuru, napita. Msanii anionyeshaye kwamba ndani ya mikwaruzo yumo mtu, na kwamba mimi ndiye ninayemfuta au kumbakisha, huyo namkalia. Wahenga imefanya hivyo, na kwa hiyo naisifu.

Nasi wa majumbani tunayo sehemu yetu. Aliye na kaseti za wazee wake azihamishe sasa, kabla gundi haijalainika, na aandike jina, mahali na mwaka. Anayecheza wimbo au kaswida mbele ya watoto awatajie ni ya nani. Na anayepata riziki kwa sauti ya mtu amkumbuke mwenye sauti, akiwa hai kwa malipo, akiwa maiti kwa jina lake na kwa kuwatazama aliowaacha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaorudisha amana kwa wenyewe. Amin.